Muuza Mishumaa

"Ana watoto wangapi?" dada mtu aliuliza, kalamu mkononi.

Mdogo wake alifuta jasho. Yeye ndiye aliyeongoza mchezo wao wa hadithi na kuwasemea wakazi wote: mji uliochorwa mezani ulikuwa wake, na joka lenye mabawa lililoutisha lilikuwa lake. Dada na shemeji walicheza mashujaa wawili waliotumwa kuliua. Makubaliano yalikuwa wazi. Wakiliua kabla ya saa kumi na mbili, kiti cha uongozi kinahamia kwa dada. Wakishindwa, kinabaki alipo.

Sasa ilikuwa saa kumi na moja na nusu, na mashujaa walikuwa wangali dukani kwa mwanamke auzaye mishumaa.

"Hana watoto," kiongozi alijibu.

"Umri?"

"Mkubwa."

Shemeji alicheka hadi miwani ikamdondoka. "Huo ni umri au kimo?"

Walimjua vizuri kiongozi wao. Kila mkazi mwenye maana alikuwa na ukurasa wake katika daftari la bluu, na kiongozi hakuweza kumsemea bila kuchungulia. Waliobaki aliwabuni papo hapo, kwa kigugumizi. Leo daftari lilikuwa limefungwa, na juu yake kikombe cha chai. Hawakuweza kujizuia kumtania.

"Umesema duka lake lina joto," dada alisema. "La nini?"

"Ana... anayeyusha nta."

"Na jioni anakula nini?"

"Mbuzi."

"Nyama ya mbuzi, mdogo wangu."

"Ndiyo. Nyama."

Dada aliinamia meza, mabega yakimtikisika. Shemeji alipiga paja na kumwomba mkewe asimuue mtu kwa kicheko kabla joka halijapata zamu yake.

"Dada, nakuomba," kiongozi alisema. "Pango liko mlimani. Muda unakwenda."

"Umemsikia?" shemeji alisema. "Anatufukuza. Mama wa watu hata jina hana, amebuniwa sasa hivi kati ya mafunda mawili ya chai. Twende zetu."

Dada alitazama saa ya ukutani. Dakika ishirini. Kicheko kilimkauka ghafla. Kile kiti alikitaka kwelikweli.

"Tunanunua mishumaa miwili ya kumulikia pango," alitangaza. "Kisha tunaondoka."

"Na panga zenu?"

"Zimo alani. Tutashikaje mishumaa na panga pamoja?"

"Mnampa mgongo?"

"Tunampa mgongo," shemeji alisema, "na salamu kwa wanawe asionao."

Kiongozi alikunja mikono juu ya meza. Kwa mara ya kwanza jioni ile, sauti yake haikukwama popote.

"Muuza mishumaa anawashukuru kwa kununua," alisema. "Anazima taa ya dukani, kisha anakunjua mabawa."