Pindo la Shati Ukutani

Jumamosi, 28 Novemba 1959. Asubuhi hiyo ukungu ulilala juu ya kinamasi cha Nottoway, na umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi.

Lemuel Ruffin alikuwa amepiga magoti juu ya majani makavu, mtutu wa bunduki yake ungali na joto. Ng'ambo ya kijito, chini ya misonobari michanga, ilikuwa imelala kofia ya kahawia. Aliijua kofia ile. Ilikuwa ya baba mkwe wake, Mzee Josiah Parham, shemasi wa kanisa lao.

Sheria ya wawindaji wa pale ilikuwa moja. Ukishawekwa kwenye kituo chako, hubanduki mpaka pembe ipulizwe. Mbwa ndio wanaomfukuza kulungu. Kazi ya mtu ni kusimama na kungoja. Lakini muda mfupi kabla ya hapo sauti za mbwa zilikuwa zimegeuka ghafla kuelekea kijitoni, na Lemuel, kwa uchu wa dume kubwa, akaacha kituo na kukimbilia huko, shati likipepea nje ya suruali.

Akaona kitu cha rangi ya kulungu kikisogea. Akafyatua. Papo hapo alihisi mwiba ukimvuta shati, kisha akasikia sauti ya mtu ikilia, "Yesu wangu!" Akaanguka juu ya majani. Alipoinua macho, hakuona mtu. Aliona kofia tu.

"Baba!" aliita, lakini sauti ilitoka kama ya mgonjwa.

Maji ya kijito yalikuwa ya kufika vifundoni tu. Hakuvuka. Aliogopa kitakachokuwa kimelala nyuma ya ile misonobari. Akageuka, akakimbia kurudi kituoni kwake.

Nani angeamini kuwa ni ajali? Juzi tu, kwenye meza ya Sikukuu ya Shukrani, mbele ya ukoo mzima, alikuwa ametangaza kwamba atamhamishia mkewe Verdell mjini Newark, mbali kaskazini, kabla mtoto hajazaliwa. Mzee alisukuma sahani yake. "Utamchukua binti yangu nikiwa kaburini," alisema. Na Lemuel, kwa hasira, akajibu, "Basi tutangoja. Si muda mrefu." Wote walisikia.

Pembe ilipopulizwa, wawindaji walikusanyika kwenye kibanda chao. Sufuria la mchuzi lilikuwa likitokota.

"Nani alifyatua?" aliuliza Crump, kiongozi wa msako. "Asubuhi nzima nimesikia mlio mmoja tu, lakini mlio gani huo! Bonde zima limetikisika."

"Ni mimi," alisema Lemuel.

"Kulungu yuko wapi?"

"Nimemkosa."

Kibanda kikalipuka kwa vifijo. Anayefyatua na kukosa hukatwa pindo la shati, nalo hugongomelewa ukutani watu walicheke mwaka mzima. Haywood, kaka yake Verdell, alikwisha chomoa kisu.

"Geuka, shemeji! Huko Newark utakuwa unawinda njiwa wa barabarani, nao utawakosa." Akalivuta shati. "Hee! Oneni, limeshatoboka! Dada yangu siku hizi hashiki sindano?"

"Na tumbo lile, mikono itaifikiaje cherehani?" alidakia Crump.

Wakacheka mpaka wakashika mbavu, pindo likikatwa na kugongomelewa ukutani. Lemuel alijaribu kucheka nao.

Mbwa walirudi mmoja mmoja, ndimi nje. Wa mwisho alikuwa Dinah, jike la Mzee Josiah, ambaye hakuwahi kumwacha bwana wake. Alikuja peke yake, akajilaza mlangoni, akalia.

"Baba yuko wapi?" aliuliza Haywood.

Crump alitoka nje, akapuliza pembe, akasikiliza, akapuliza tena. Kinamasi hakikurudisha kitu. Mmoja akaweka bakuli lake chini bila kula. Haywood akaanza kufunga kamba za viatu vyake.

"Alikuwa kituo cha mwaloni," alisema Crump polepole. "Jirani na wewe, Lemuel. Hukumwona?"

"Sikumwona," alisema Lemuel.

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kando ya shavu lake kilining'inia kipande cha shati lake, na katikati yake tundu dogo la duara, lisilo kama mraruko wa mwiba. Akilini alimwona Verdell akiwa amesimama mlangoni mwa nyumba yao, mkono juu ya tumbo, akiuliza baba yake yuko wapi. Bwana, aliomba kimoyomoyo, nilikimbia mara moja. Usiniache nikimbie tena.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti. "Nina neno la kuwaambia."

Mlango ukafunguka.

Mzee Josiah alisimama kizingitini, kichwa wazi, mikono mitupu, matope mpaka magotini. Machozi ya shukrani yalimtoka Lemuel kabla hajayajua.

"Baba!" Haywood aliruka. "Umetutia hofu! Bunduki yako iko wapi?"

Mzee hakumtazama mtu. Alipiga magoti palepale mlangoni, akafumba macho kama afanyavyo kanisani.

"Haywood, mwanangu, nanyi nyote, mnishuhudie," alisema. "Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu: mtoto aliye tumboni mwa Verdell nitamlea mimi mpaka siku ya kufa kwangu, kwa sababu leo asubuhi, pale kijitoni, kwa bunduki yangu, nimemuua baba yake."