Mlalaji wa Mtaa

Gari la afya lilikuwa limeshawashwa, na Mzee Kombo ameshakaa ndani, kofia yake ya nyaya mapajani. Siku zile za maradhi watu walikuwa hawalali kwa hofu, basi kila mtaa ulipewa mlalaji mmoja. Akivaa kofia akasinzia, mtaa mzima unalala usingizi wake. Kombo alisifika kuliko wote, na sasa alihamishiwa Kilimani, ambako watu walikuwa wamekesha siku tisa.

"Miaka thelathini nakupiga viwiko kwa kukoroma," mkewe, Bi Chausiku, alimfokea dirishani, "leo unakwenda kuwakoromea wengine! Na mimi nitalalaje?"

"Basi panda, mke wangu."

"Sheria ni mlalaji peke yake, mama," alisema dereva.

"Mwanangu, mimi ni mto wake." Akapanda, na dereva akacheka hadi machozi.

Kilimani walilala fofofo. Asubuhi walitoka nje wanacheka, wakimwamkia Bi Chausiku kana kwamba wanamjua tangu zamani. "Shikamoo, bibi! Mbona usiku kucha unatufokea tufute miguu?" Kumbe usingizi wa Kombo ulikuja na ndoto zake.

Maradhi yaliisha. Dereva alioa palepale Kilimani. Kombo alifariki mwaka uliofuata, akiwa amelala. Watu wa Kilimani walirudiwa na usingizi wao, ila ndoto zao hazikurudi. Bado wanaota wanafokewa wafute miguu. Kila asubuhi Bi Chausiku hupita mlango kwa mlango, akiuliza Kombo alimjibu nini ndotoni.