Mbuzi ya Nazi Mezani

Kabla ya alfajiri Mwanakheri alisikia nazi ikikunwa jikoni kwake. Akajigeuza ubavu, akainuka kama alivyofundishwa hospitali baada ya kufungwa skrubu mgongoni, akaenda huko amefura kwa hasira.

"Nani kakuita?" alimfokea wifi yake, Raya. "Mshanifanya maiti?"

"Maiti hana mdomo kama wako."

"Daktari anasema picha imetoka nzuri, mifupa imeshikana. Basi aioe hiyo picha! Mwaka wa pili huu siwezi kuinama nikakaa kwenye mbuzi. Mguu unaniwaka moto, na vitumbua vyangu wanapika wengine!"

Raya alisogea pembeni, na Mwanakheri akaiona ile mbuzi imefungwa kwa kamba juu ya meza, chuma chake cha kukunia kikiwa usawa wa kiuno. Raya alikuwa akiijaribu kwa ajili yake.

Mwanakheri alichukua kizio cha nazi, akakuna amesimama wima, kwa hasira, nazi ikiruka mpaka ukutani. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Raya akajitanda kanga yake taratibu, akashika mlango atoke.

"Wifi," Mwanakheri alisema bila kugeuka, mkono ukiendelea kukuna. "Kesho uje tena. Uje ukae tu."