Njoo na Jiko Lako

Kwenye kadi ya harusi Atupele aliandika kwamba zawadi si lazima, ila kila nyumba ije na jiko la mkaa limeshawaka. Pesa ya ukumbi haikupatikana, na turubai waliloazima halikuwa na kuta za kuzuia baridi ya kipupwe.

"Tangu lini mgeni akaalikwa aje na jiko?" shangazi yake, Sekela, alifoka. "Unatutia aibu!"

Asubuhi ya harusi ukungu uliumeza mji. Atupele alikaa chini ya turubai akitetemeka, gauni aliloazimwa na shoga yake limefichwa na sweta nene la baba. Viti vyote vilikuwa vitupu. Hata shangazi hakuwepo.

Kisha ukungu ukaota macho mekundu. Yakateremka mlimani, yakapanda kutoka sokoni, yakageuka kuwa majirani, mama lishe na wanakwaya, kila mmoja na jiko lake, wakiimba. Bwana harusi alikuwa mbele, suti imejaa masizi. Wakayapanga majiko katikati ya viti, mengine wakayabandikia sufuria za pilau papo hapo.

Wa mwisho aliingia Shangazi Sekela, na lile jiko lake kubwa ambalo hakuna aliyewahi kuruhusiwa hata kulisogeza. Akalitua miguuni pa Atupele.

"Vua hilo sweta," alisema akihema. "Sikubeba moto mlima mzima nije kutazama sweta."

Atupele akalivua. Vigelegele vikalipuka. Akasimama mabega wazi, jasho jembamba likimtiririka shingoni, na huko nje wapita njia wakaanza kujitokeza kwenye ukungu, mikono wameinyoosha mbele kulifuata joto.