Shekiondo Wawili

Siku hizi uzao wa vibaraka wa wakoloni hauzikwi kijijini. Mama alikaa mochwari siku nne, kwa sababu mashine ya kumbukumbu za ukoo ilisema babu yake mkuu, Shekiondo, alikuwa nyapara wa Wajerumani na mchapa watu.

Kwetu wajukuu hupewa jina la babu, kwa hiyo Shekiondo walikuwa wawili, mtu na binamu yake. Nikaionyesha mashine daftari la misheni. Mwaka ambao nyapara alichapa watu, Shekiondo wetu alibatizwa akiwa na miaka mitatu.

“Alishikaje kiboko?” niliiuliza.

Ikakubali kosa. Tulimzika Mama ubavuni mwa Baba, tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Sekiete, kitukuu wa Shekiondo mwingine, ndiye aliyechimba kaburi. Alipomaliza kufukia aliniuliza, “Na mimi, kaka, mtanizika wapi?”