Mtihani wa Mapora Watatu

Pora wa kwanza alikufa kabla chai haijapoa.

"Huyo umeshamuua," alisema Fundi Saa, mzee mwenye nyumba, akicheka huku amejishika tumbo kwa chini. "Bado wawili. Endelea, Mpiga Deki."

Kijana aliyekuja kumposa binti yake alikuwa amechuchumaa uani mbele ya kreti la soda lililopinduliwa. Juu ya kreti alikuwa amelazwa jogoo mchanga mwingine, tumbo tupu tangu jana, mabawa yamefungwa huku, miguu kule, ubavu umenyonyolewa. Kazi ilikuwa kumhasi: unapasua kidogo kati ya mbavu mbili za mwisho, unaingiza ndoano ndogo ya waya, unatoa vitu viwili kama punje za mchele, basi. Asiwike, asipigane, anenepe. Fundi Saa aliifanya kazi hiyo miaka ishirini kwa vifaa vyake vya saa, lenzi jichoni, na hakuwahi kupoteza hata mmoja. Kusema kweli alipoteza wanne, lakini hao walikuwa na roho nyepesi.

Safari hii hakuweza kuinama. Ngiri ilikuwa imemshuka mpaka pasipotajika, akawa anakaa kitini miguu ameitanua. Jumatatu alikuwa anakwenda kupasuliwa. Ndipo likamjia wazo kwamba mchumba ndiye awahasi, na huo ndio uwe mtihani wake. Atakayemuoa binti yangu, alisema, lazima awe na mkono.

Jina la Mpiga Deki alilitoa yeye mwenyewe. Kijana alipoulizwa kazi yake alianza vizuri tu: "Niko hospitali, baba, upande wa wanaume. Nashinda nimesimama, damu na maji..." Mzee hakungoja zaidi. Tangu ajue kusema hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Akatazama viatu vya kijana, vya plastiki, vyeupe, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Baba, lakini yeye..." binti alianza.

"Nyamaza, wanaume wanaongea."

Binti akanyamaza. Alikuwa na kiburi cha baba yake, na akinyamaza, amenyamaza.

Kabla ya kumgusa pora wa pili, kijana aliomba sabuni. Akanawa mpaka viwikoni, akarudia tena, kisha akatoka jikoni akiusukuma mlango kwa mgongo, mikono ameiinua juu, maji yanachuruzika.

"Makubwa haya!" Mzee alijipiga paja. "Njoni mwone, anamwombea dua kuku!"

"Baba, dawa ya ganzi hatuna?" kijana aliuliza. "Anaumia, anarukaruka. Bila ganzi mkono wangu hauendi."

Hapo mzee alicheka mpaka machozi. Kuku wa kuchomwa ganzi! Baadaye ataombewa kitanda na shuka. "Kuku ni kuku, bwana. Shika, pasua, toa. Wewe unatetemeka nini?"

Na kweli alikuwa anatetemeka. Pora wa pili alijipindua, ndoano ikachana mshipa mkubwa wa mgongoni, damu ikaruka mpaka kwenye kola ya shati jeupe la posa. Wa tatu alipona, ingawa alikwenda zake nyuma ya choo akipepesuka, na hakuna aliyekuwa na hakika kama vimetoka viwili au kimoja.

"Sikiliza, mwanangu," alisema mzee, sasa hacheki. "Kuku tu amekushinda, nyumba utaiweza? Binti yangu simpi mtu wa mkono huu. Rudi kwenye deki yako."

Kijana alisimama, macho mekundu. Alimpenda yule binti kupita kiasi, hata kuku waliliona hilo. "Haya, baba. Niwie radhi kwa mapora wako."

Binti alimsindikiza mpaka getini. Aliporudi, uso ulikuwa mkavu.

"Baba, Jumatatu unapasuliwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Kwa nini?"

"Basi tu."

Jumatatu saa mbili, Fundi Saa alikuwa chali juu ya meza nyembamba chini ya taa kubwa. Tumbo tupu tangu jana, mkono mmoja umefungwa huku, mwingine kule, na pasipotajika pamenyolewa.

"Usiogope, mzee," muuguzi alimwambia. "Daktari bingwa mwenyewe ndiye anayekuja. Hospitali nzima hakuna mkono kama wake."

Mlango ulisukumwa kwa mgongo. Mtu akaingia mikono ameiinua juu, maji yanachuruzika viwikoni, miguuni viatu vya plastiki, vyeupe.

"Shikamoo, baba," ilisema sauti nyuma ya barakoa. "Leo ganzi ipo."

Fundi Saa alitazama dari. Akaitazama ile mikono.

"Marahaba," akasema, "mkwe wangu."