Kiti cha Mtu wa Nyumbani

Sheria ilikuwa moja: mtabiri wa dhoruba za jua, zile zinazovuruga mawimbi ya setilaiti, akiruhusu ndege iruke kwa kuongozwa na setilaiti, mtu wa nyumbani kwake naye apande. Basi Tausi alipokuwa mtabiri, ndugu wakaacha kumtembelea, wasije wakahesabiwa wa nyumbani. Akabaki na mama yake, na majuto ya kazi aliyoililia mwenyewe.

Asubuhi hiyo alikuwa ameona juani doa lililomtia shaka. Lakini juzi alizizuia ndege bure, watu wakamtukana hadi sokoni; leo akairuhusu ndege iruke.

“Jua limetulia, mwanangu?” mama aliuliza, akifunga mkoba wake.

“Limetulia, mama.”

Mama alimtazama usoni kwa muda. Kisha akaweka mezani funguo zote za nyumba, hata ule wa kabati lake, akatoka.